Ubaya wa Jowi

Kabla Jowi hajavuka daraja la mto Migori, mji mzima ulikuwa umeshajua anakuja. Mngurumo wake ulitangulia, ukapita juu ya mabati ya soko, ukaingia katika duka la spea la Ogeto, na huko nyuma ya kaunta Truphena Mirumbe akaacha kupanga mikanda ya feni, akaanza kuzipanga nywele zake kwa vidole. Halafu akajikumbuka, akakunja uso. Alikuwa amejiapia kwamba siku hiyo hatacheka na mtu mpaka kazi iishe.

Lakini hasira haikudumu, hofu iliiondoa. Mngurumo ule ulikuwa na kasoro. Jowi akiwa mzima, vikombe vya chai vya Ogeto vilitetemeka kwenye sahani kwa mfululizo mmoja. Leo vilitetemeka, vikanyamaza, vikatetemeka tena. Gari lilikuwa linakohoa, na lilikuwa limechagua kukohoa siku ya soko la Ogwedhi, siku pekee katika maisha ya Truphena ambayo lilitakiwa kuwa na afya.

Jowi ni nyati kwa Kijaluo, na jina lilimfaa. Alikuwa sedani nyeusi, ndefu kuliko pikapu ya Ogeto, na chini ya boneti mlikuwa na injini ya silinda nane ambayo mafundi wa Migori walikuja kuitazama kwa zamu, mikono nyuma, kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa mwenye cheo. Mhandisi mmoja mgeni, aliyemaliza kazi ya mabomba ya maji na kurudi kwao, ndiye aliyemwachia Chrispine Otieno gari hilo kwa bei ya kutupa. Chrispine alikuwa mnunuzi wa samaki Homa Bay, kijana mrefu, mcheshi, mwenye imani kubwa na vyombo vya moto. Siku ya kukabidhiana ufunguo yule mhandisi alicheka sana, na Chrispine alidhani anafurahia urafiki wao.

Kumbe alikuwa anacheka kwa kutua mzigo. Jowi alikula kila kitu. Petroli ya kawaida aliitema njiani, alitaka ya super, tena kwa kiu ya kutisha. Marehemu baba yake Chrispine alikuwa amemwachia mwanawe ng'ombe huko bonde la Lambwe, zizi la kutosha kijana kuoa bila kwenda kujikunyata mbele ya wajomba. Tairi za nyuma, ambazo Jowi alizitafuna kwenye changarawe kila baada ya miezi michache, zilimchukua mtamba mwekundu. Rejeta ilimchukua fahali mweupe. Giaboksi iliyobidi iagizwe Nairobi, na Nairobi nao wakaiagiza mbali zaidi, iliondoka na ng'ombe wa maziwa pamoja na dada yake. Pampu ya maji, shokomzoba za mbele, mipira ya kushikilia injini iliyokatika kila Jowi alipotaka kuonyesha ubabe, kila kimoja kilikuwa na ng'ombe wake. Sasa Lambwe walibaki mama mmoja na ndama wake, na hata hao walikuwa wameanza kuangalia barabara kwa wasiwasi.

Na spea zote hizo Chrispine alizinunua kwa Ogeto, kwa mkono wa Truphena. Ndivyo walivyojuana. Mtu mwenye gari zima angepita dukani mara moja kwa mwaka, akanunua oili, akaenda zake. Chrispine alikuja kila wiki, akaegemea kaunta, akasema hili na lile, mpaka binti wa Kikuria kutoka Ntimaru akaanza kuisikilizia barabara ya Homa Bay kuliko redio. Walipokubaliana kuoana, ndipo Truphena alipogundua, kwa hasira iliyomfanya acheke peke yake, kwamba alikuwa ameuza mahari yake mwenyewe kipande kwa kipande, na kuyaandikia risiti.

Baba yake, Mzee Mirumbe, hakucheka. Mara mbili alikuwa ameita ndugu zake waketi kumngoja mkwe. Mara ya kwanza Jowi alichemka mbele kidogo ya Kehancha, na wazee wa Homa Bay, wakiwa na suti zao za kanisani, wakashinda kijitoni wakiteka maji kwa kofia. Mara ya pili giaboksi ilikubali gia moja tu, ya kurudi nyuma, na ujumbe mzima ukarejea barabarani kinyumenyume huku watoto wa shule wakiupigia makofi. Wiki iliyopita mzee mwenyewe alikuja mpaka dukani, akasimama katikati ya matairi, akasema neno lake kwa utaratibu.

"Mwanangu, Jumapili ndugu zangu wanaketi tena. Ni mara ya tatu, na mimi sina ya nne. Ng'ombe zikiingia, wewe ni bibi ya huyo mtu. Zisipoingia, funga vitu zako urudi nyumbani, na mambo ya huyo Mjaluo na gari yake yaishe."

"Tata, zitaingia," Truphena alijibu.

Alijibu hivyo kwa sababu tayari alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa na jina: Gichana. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo pale Ogwedhi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, tajiri wa ng'ombe na maskini wa raha. Siku moja Jowi alimpita njiani, Gichana akasimama katikati ya vumbi na kofia mkononi, na tangu hapo hakuwa na amani. Aliuliza habari za gari lile mpaka zikamfikia Truphena. Walizungumza. Gichana alikuwa tayari kutoa kundi zima la kutosha mahari ya Mzee Mirumbe, ilimradi gari lipande mlima wa Ogwedhi likiwa limejaa watu wazima, bila kusimama. Lakini iwe siku ya soko, maana kesho yake lori lingekuja kuwachukua ng'ombe wale kwenda kuchinjwa.

Chrispine alipoambiwa alitoka nje, akaipapasa boneti ya Jowi, akarudi kwenye kaunta. Kisha akasema, "Sawa." Truphena alimpenda kwa neno hilo moja kuliko kwa maneno yake yote ya kaunta.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na Jowi aliingia uwanjani kwa Ogeto akikohoa, akatoa moshi, akazimika kabla ya kuzimwa.

Chrispine alishuka, uso umejaa vumbi. Nyuma alishuka mama yake, Leonida, mwanamke mkubwa wa kitambaa cha kichwa cha zambarau, aliyekuja kuwakagua ng'ombe kwa macho yake kabla hawajapelekwa kwa wakwe. Alikuwa mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, na hakuna siku aliyopanda gari la mwanawe bila kutia gunia kwenye buti.

"Ni kitu kidogo tu," Chrispine alisema. "Imeanza kupiga miss hapo Rongo."

"Kitu kidogo," Truphena alisema. "Hiyo fahali nyeupe pia ilienda na kitu kidogo."

"Tru, omba tu nisilie hapa mbele ya mama."

Boneti ikafunguliwa, na kila mtu aliyekuwa karibu akaja na ugonjwa wake. Fundi Japheth wa ng'ambo ya barabara alisema petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Ogeto, mwenye duka, alisema ni plagi, kwa kuwa plagi alikuwa nazo nyingi. Mkokoteni ulisimama na mwenyewe akasema ni kabureta. Leonida alisema ni jicho la watu, na kwamba alishawaonya wasimwoshe Jowi barabarani akametameta mbele ya kila mtu.

Plagi zikatolewa, zikasuguliwa, zikarudishwa. Jowi akawaka, akakohoa vilevile. Petroli ikamwagwa kidogo kwenye kopo, ikanuswa kwa zamu, ikakubaliwa kuwa petroli. Jua lilikuwa linapanda. Truphena aliliangalia, akawaza soko la Ogwedhi, akawaza watu wakifungua kamba. Alijua Gichana si mtu wa kungoja. Mwenye kuuza mifugo akiona kivuli chake kimefupika, anarudi nyumbani.

Ukombozi uliletwa na paka. Ogeto alikuwa na paka wa kijivu aliyeitwa Inspekta, aliyeajiriwa kulinda mipira na mikanda isitafunwe. Inspekta alitoka chini ya rafu, akamzunguka Jowi mara moja, akanusa tairi la mbele, akanyanyua mkia, akaruka juu ya injini mbele ya wanaume wote wale na kuingiza kichwa nyuma kabisa, kwenye giza kati ya injini na ukuta wa ndani. Hakutaka kutoka. Japheth alimvuta mguu, akapigwa ukucha.

"Mwache," Truphena alisema. "Huyo anajua kitu."

Aliinama, akachungulia kwa tochi. Pale nyuma, pembeni pa joto, palikuwa na makao. Nyuzi za gunia zilizotafunwa laini, vipande vya gazeti, vichwa vya omena kwa mamia, na juu ya hayo yote, maganda ya waya wa plagi yaliyomenywa kwa ustadi. Inspekta alipiga mkono ndani. Panya mnene mwenye manyoya yanayong'aa akachomoka, akapita juu ya kiatu cha Ogeto, na paka nyuma yake, wakatokomea kuelekea sokoni huku kina mama wa mboga wakiruka.

Watu wote walimtazama Leonida, naye akatazama bango la betri ukutani.

"Mama," Chrispine alisema polepole. "Kila wiki unaweka omena kwa buti. Na gari inalala kando ya stoo yako."

"Omena ndiyo ilikusomesha, nyathina," Leonida alisema. "Hii gari ilikusomesha?"

Hapo Truphena alivunja kiapo chake, akacheka mpaka akashika boneti. Alicheka kwa sababu ugonjwa ulikuwa umejulikana, na ugonjwa unaojulikana una rafu yake dukani. Silinda mbili zilikuwa hazipati moto kabisa, na nyingine zilikuwa zinaupata kwa bahati. Kilichotakiwa ni waya mpya.

Kulikuwa na shida moja. Katika Migori yote hapakuwa na seti ya waya za silinda nane, wala hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Ogeto alikuwa na seti za pikapu, za silinda nne. Truphena alisimama mbele ya rafu, akatazama boksi moja, akatazama la pili, akayashusha yote mawili.

"Nne na nne," alisema. "Andika kwa mshahara yangu, Bwana Ogeto."

Nyingine zilikuwa fupi, ikabidi ndefu ziende mbali na fupi zibaki karibu, huku Japheth akisoma mpangilio kwa sauti na Chrispine akichomeka. Moja ilikataa kabisa kufika. Wakamrudishia Jowi waya wake wa zamani uliokuwa haujaonjwa na panya, wakaufunga kwa utepe mweusi. Chrispine akaingia, akazungusha ufunguo.

Vikombe vya Ogeto vilitetemeka kwa mfululizo mmoja, kimoja kikaanguka.

"Twende," Truphena alisema, na hakuna aliyehitaji kuambiwa tena.

Barabara ya Ogwedhi ilikuwa ya vumbi na mawe, na Chrispine aliendesha kwa njaa ya mtu anayejua anakula sahani ya mwisho. Leonida nyuma alishikilia paa kwa mkono mmoja na gunia la omena kwa mwingine, maana buti sasa lilikuwa limepigwa marufuku. Walipofika sokoni watu walikuwa wameanza kutawanyika. Gichana alikuwa amesimama na fimbo kwapani, na ng'ombe wake, wanono, wa rangi zote, walikuwa tayari wamegeuziwa njia ya nyumbani. Aliposikia mngurumo aligeuka, na uso wake mnene ukawa wa mtoto.

Chrispine alikuwa ameshika usukani, akingoja wapande. Gichana alitikisa kichwa.

"Hapana, kijana. Shuka."

"Si ndio tunapanda mlima?"

"Tunapanda. Lakini hapa Ogwedhi, dume haijaribiwi na mwenye kuuza, maana anajua pa kuigusa. Wala haijaribiwi na mwenye kununua, maana moyo wake umeshalewa. Kamba inashikwa na mkono wa tatu. Na hii kamba," akaonyesha usukani, "nani mwingine anajua kuishika?"

Leonida hakujua. Ndugu wawili wa Gichana walijua baiskeli. Truphena alijua kuendesha pikapu ya Ogeto, aliyoipeleka na mizigo mpaka Awendo na Isebania. Lakini Jowi hakuwa amewahi kumwendesha, kwa kiburi tu. Hakutaka kumshika mkono mwizi wa ng'ombe zake.

Alikaa. Kiti kilikuwa na joto la Chrispine. Gichana alijibana mbele pembeni yake, na nyuma wakajazana ndugu wawili na Chrispine katikati, magoti yamegusa kidevu. Truphena aliuona mlima mbele, mwekundu, umepinda mara mbili, umechimbwa na mvua katikati. Alijua maradhi yote ya gari lile kwa majina na namba za boksi. Alijua rejeta ilikuwa imezibwa kwa sabuni mahali pawili. Alijua Japheth alikuwa ameitoa thamostati na kuitupa, kama mafundi wa huko wanavyofanya, akisema hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Jowi akipanda taratibu atachemka kabla ya kona ya kwanza. Hivyo hapakuwa na kupanda taratibu.

Alifunga vioo visiingize vumbi, akanyoosha mkono, akawasha hita mpaka mwisho. Kisha akakanyaga.

Hakuwa ametayarishwa na mtu. Alikuwa amesikia mngurumo ule miaka miwili kutoka nyuma ya kaunta, na kutoka huko ulikuwa kelele tu. Sasa ulipita katika miguu yake. Mgongo wake ulibandikwa kwenye kiti, changarawe ikalia chini, ndugu wa Gichana wakasema kitu kwa Mungu wao, na mlima, badala ya kuwangoja, ukaja. Kona ya kwanza nyuma kukateleza, naye akakurudisha kabla hajafikiri. Akajisikia furaha kali, ya aibu, furaha ya mtu aliyemnunia jirani miaka mingi na kumbe jirani anajua kuimba. Alitaka mlima uendelee. Mshale wa joto ulipanda ukakaribia nyekundu, hita ikapuliza moto usoni mwao wote, na jasho la Gichana likaanza kudondoka kwenye dashibodi.

"Mbona kunachoma hivi?" Gichana aliuliza kwa sauti yake ndogo.

"Subiri, mzee. Nitakwambia juu."

Kona ya pili. Mshale ukagusa nyekundu, ukatetemeka, ukasimama hapo. Truphena hakuuangalia tena. Alikanyaga mpaka kanyagio likafika sakafuni, Jowi akatoa sauti ambayo Chrispine nyuma aliijibu kwa kelele yake mwenyewe, na mara pakawa tambarare, na upepo, na bonde lote la upande wa Narok limelala chini yao kwenye jua.

Aliliacha gari lingurume polepole. Vioo vikashushwa. Watu wakahema.

Gichana alijipangusa uso kwa kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na si jasho peke yake. "Sasa," alisema, "niambie ubaya wake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya pili, na Truphena aliijua tangu utoto, maana wajomba zake walikuwa watu wa mifugo. Mwenye kushika kamba hutaja ubaya wa mnyama mbele ya pande zote mbili. Anapiga teke, anavunja ua, anakataa ndama wake, useme. Ukisema, mnyama amenunuliwa na ubaya wake na harudi. Ukificha, mnunuzi anaruhusiwa kumrudisha hata akiwa amekaa naye mwezi, na alichokulipa kinarudi kwake, popote kilipo.

Kwenye kioo aliona macho ya Chrispine. Yalimsihi. Sema ni mzima, yalisema. Sema kitu kidogo tu.

Truphena aliufikiria mlima walioupanda na ng'ombe waliobaki chini. Akimwaga ubaya wote mezani, huenda Gichana akashuka, akachukua fimbo yake, na Jumapili zizi la baba yake likabaki tupu. Akificha, ng'ombe wataingia Ntimaru, wazee watakunywa, yeye ataenda Homa Bay na kuitwa bibi ya mtu. Halafu siku moja Jowi atachemka, Gichana ataenda na watu wake kwa Mzee Mirumbe na kudai mifugo yake, na itafukuzwa kutoka zizini mbele ya kijiji kizima. Mwanamke ambaye ng'ombe zake zimetoka zizini, ndoa yake inabaki imeshikiliwa na nini? Aliogopa, na hofu yenyewe ikamfungua mdomo.

"Inakunywa, mzee. Inakunywa kuliko harusi. Super peke yake. Tairi za nyuma, hata usiseme zitamaliza mwaka. Rejeta imezibwa na sabuni. Thamostati haina. Ukipanda mlima bila kuwasha hita ivute moto wa injini, itachemka, ndiyo maana nimekupika hapa. Giaboksi imebadilishwa na inaweza kuharibika tena, na ikiharibika utangoja mpaka usahau. Mipira ya injini inakatika ukikanyaga kama mimi nilivyokanyaga. Hizo waya ni za pikapu mbili. Na usiweke omena ndani yake, na usiilaze karibu na stoo, panya wanaipenda."

Nyuma, Chrispine alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Ndugu mmoja wa Gichana alitikisa kichwa kwa mshangao wa kanisani.

Gichana alitazama bonde. Akagusa dashibodi kwa kidole kimoja.

"Na uzuri wake?"

Truphena alipitisha kiganja juu ya usukani. "Huo umeusikia kwa mgongo," alisema.

Yule mtu mnene alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda mpaka gari likatikisika. "Mimi niko na dume pale nyumbani imevunja mbavu ya shemeji yangu," alisema. "Kila mwaka nasema nitaiuza. Sasa niogope rejeta? Panya ndiyo imeniudhi kidogo. Kwa panya napunguza ng'ombe moja, ile ya mkia mfupi."

"Ile ya mkia mfupi ilikuwa mbaya hata hivyo," Truphena alisema.

"Ndiyo maana nimeitoa hiyo."

Wakapeana mikono, naye Chrispine kutoka nyuma akanyoosha mkono wake katikati yao, akashika yote miwili.

Kule sokoni Leonida alikuwa ameshawakagua ng'ombe wote, meno, kwato na macho, na kuwapa wawili majina. Chrispine alimfundisha Gichana hita, akamfundisha namna ya kuusikiliza mkanda wa feni asubuhi, akamwonyesha waya uliofungwa utepe. Kisha akampa ufunguo na kulia waziwazi, bila kugeuka upande, huku ng'ombe wa mahari wakimzunguka na kumpumulia mgongoni. Truphena alimshika mkono. Hakumwambia anyamaze, kwa sababu na yeye, kwa mshangao wake, hakutaka kuliona gari likiondoka.

Ng'ombe waliswagwa kwa miguu kupitia njia za wafugaji, wakaingia Ntimaru Jumapili kabla wazee hawajamaliza kusalimiana. Chrispine alitembea nyuma yao na fimbo, viatu vimeraruka, na hapakuwa na sauti nyingine ila kwato. Mzee Mirumbe alisimama langoni. Lango lilikuwa pana ajabu, ua umekatwa pande zote mbili, majani bado mabichi chini.

"Nilikata kwa sababu ya gari," mzee alieleza, akitazama barabara nyuma ya mkwe wake. "Niliambiwa ni pana."

"Gari ndio hizi, tata," Truphena alisema, na kuonyesha ng'ombe.

Mzee alizikagua kwa zamu. Moja ilikuwa inachechemea kidogo kwa safari. Akaigusa mguu, akamgeukia Chrispine kwa ukali. Chrispine, kwa mazoea ya miaka, akasema, "Ni kitu kidogo tu, mzee, nitaitengeneza." Ndugu wote wa Mirumbe wakacheka, na mwisho mzee mwenyewe. Ng'ombe wakaingia wawili wawili.

Truphena alirudi dukani kumalizia mwezi wake kabla ya kuhamia Homa Bay. Gichana alikuwa ameshakuja kununua mipira ya injini, na siku mbili baadaye akaja kwa tairi, amefurahi, amekonda kidogo. Vikombe vya Ogeto vilitetemeka, na kila vilipotetemeka mkono wa Truphena ulipanda kwenye nywele, kisha ukashuka, maana aliyekuwa anakuja hakuwa yule. Alianza kuogopa jambo ambalo hakulifikiria mlimani. Mtu asiye na gari ana shida gani na duka la spea?

Siku ya kawaida yake, wakati wake uleule, hakusikia chochote. Aliinua macho tu, akakuta baiskeli imeegemezwa mlangoni na Chrispine ameegemea kaunta, shati limelowa mgongoni kutoka Homa Bay.

"Nipe plagi moja," alisema.

"Ya gari gani?"

"Gari yoyote."

Truphena alishusha boksi, akachagua plagi, akaifunga kwenye gazeti polepole kuliko ilivyohitaji kufungwa. Safari hii hakuandika risiti.